Kidole cha Raihana

Jumapili ile Mzee Herménégilde aliipiga Bariyeri, shabaha kubwa ya chuma, katikati kabisa, pale pale penye doa la rangi nyeupe. Bariyeri ikatikisika kidogo, ikabaki imesimama. Hapo mzee wa watu akavua kofia yake na kuitupa chini.

"Wizi!" akapaza sauti. "Mi nasema mbele ya watu wote: bunduki ya huyu mama iko ya wizi!"

Jamani, neno hilo! Mwite mfanyabiashara mchoyo, atacheka. Mwite mkali, atakushukuru. Lakini kumwita mwizi Jumapili alasiri, uwanja wa kermesse, ule wa michezo na sherehe, umejaa, watu wametoka misa na nguo zao nzuri, foleni ya mishikaki inafika mpaka kwenye mabembea, hilo halina dawa. Raihana alikuwa ameshika kopo la vidonge vya risasi. Kopo likamponyoka, vidonge vikatawanyika kwenye mchanga, na yeye hakuinama kuviokota.

Tumuache mzee na kofia yake kidogo, nikuambie huyu Raihana ni nani.

Ni binti wa Mazin, muuza vitambaa wa mtaa wa Asiatique. Ukoo wao ulitoka Omani zamani hizo, na sasa ukimwuliza kwao ni wapi atakuonyesha mlango wa duka. Ana miaka hamsini na mitatu. Siku sita za wiki anapima vitenge, mkasi mkononi, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi. Jumapili anafunga duka, anabeba sanduku refu, anakwenda uwanja wa kermesse karibu na ziwa. Pale ana kibanda cha kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, kibanda alichokianzisha baba yake miaka thelathini iliyopita.

Bunduki ya upepo haina baruti. Unapiga pampu, hewa inajibana ndani, unatia kidonge cha risasi kidogo kama mbegu ya papai, unavuta kifyatulio, ambacho Bujumbura nzima inakiita gasheti, na hewa inakisukuma kidonge. Hatua kumi mbele kuna vibati vinne vyepesi, na nyuma yake magunia ya mchanga. Vibati hivyo hata bibi harusi anaviangusha. Katikati yake amesimama mkubwa wao, kipande cha chuma cha lori kilichofungwa bawaba, jina lake Bariyeri, kwa sababu hakifunguki hivi hivi. Kila mtu anapewa vidonge vitatu. Ukiangusha Bariyeri, unapewa termosi kubwa ya chai yenye maua mekundu. Termosi ile ilikuwa imekaa rafuni miaka minne, Raihana akiifuta vumbi kila Jumapili.

Juu ya kibanda kulikuwa na ubao alioandika Mazin kwa mkono wake, herufi za buluu: BONYEZA POLEPOLE. Mazin alikuwa akiwaambia watu hivyo hivyo, na alipofariki, Raihana akalirithi neno pamoja na kibanda. "Polepole, baba," anamwambia kila anayeshika bunduki. "Polepole, kama unamfunika mutoto aliyelala."

Na katika watu wote waliowahi kusimama pale, hakuna aliyelitii neno hilo kama Herménégilde. Mzee huyu wa Kinanira alifanya kazi ya forodha mpakani miaka thelathini, akastaafu na heshima zake. Zamani, enzi za Mazin, aliiangusha Bariyeri mara nyingi mpaka wakawa marafiki. Kisha springi ya bunduki ya Mazin ikakatika, haikutengenezeka. Miaka minne iliyopita Raihana akaleta bunduki nyingine kwa msaada wa binamu yake Himid, pamoja na makaratasi yake yote. Tangu siku ile Herménégilde hajaiangusha Bariyeri hata mara moja. Kila Jumapili anakuja, anavuta pumzi, anabonyeza polepole kama alivyofundishwa, anapiga katikati, na Bariyeri inamtazama tu. Watu nao hawakumwonea huruma. "Mzee," walikuwa wakimtania, "miaka thelathini ulifungia watu bariyeri, leo imekufungia wewe!"

Basi siku ile mtungi ulijaa ukamwagika.

"Kwa bunduki ya marehemu nilikuwa naangusha!" alisema. "Jicho langu ni lile lile. Mukono wangu ni ule ule. Huyu mama anatia hewa kidogo ili termosi yake isitoke!"

"Mi?" Raihana akapandwa na damu. "Mi nakupigia pampu sita mbele ya macho yako, monsieur! Na mi mwenyewe naiangusha hii Bariyeri kila Jumapili asubuhi!"

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Alikuwa akifika kabla uwanja haujafunguliwa, anapiga peke yake, anasimamisha vibati, anafuta mikono. Alikuwa na sababu ya kujificha, nayo ilikuwa aibu ya siku nyingi, tutaifikia. Watu wakaanza kucheka. "Eh, anaiangusha akiwa peke yake!" akasema mmoja wa foleni ya mishikaki, na kicheko kikazunguka uwanja mzima.

Salvator, msimamizi wa uwanja, akaja na miwani yake juu ya paji la uso. Si mtu mbaya Salvator, ila anaogopa kelele kuliko mvua.

"Madame Raihana," akasema, "mi sina shida na wewe. Lakini leo wakisema kibanda hiki ni cha wizi, kesho watasema uwanja wote ni wa wizi. Nakupa mpaka Jumapili ijayo. Bariyeri ianguke mbele ya watu, kwa mukono wa huyu mzee mwenyewe, kwa bunduki hii hii. Isipoanguka, funga virago. Kuna mutu wa zile nyumba za kuruka za watoto, tangu Januari ananisumbua kwa hii nafasi."

Akaondoka. Raihana akabaki anautazama ubao wa baba yake. Miaka thelathini kibanda kile, jina la Mazin juu yake, na sasa libandikwe neno wizi, pahali pake pawekwe puto la kurukia? Alitamani kulia, akakasirika badala yake, maana hasira alikuwa ameizoea zaidi.

"Mama Raihana," sauti ikamwita kutoka nyuma. "Usilie. Tupime."

Alikuwa Chanelle, mwalimu wa fizikia kwenye lise moja huko Kamenge, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miguu mirefu, maswali mengi. Alikuwa mteja wa kila Jumapili na hakuwahi kuangusha hata yeye.

"Nani analia?" Raihana akafoka. "Tupime nini?"

"Mwendo wa kidonge. Jumatano sina masomo mchana. Uje na bunduki."

*

Jumatano uwanja ulikuwa mtupu, mbuzi wawili tu wanakula maganda ya ndizi. Chanelle akaweka simu yake kwenye kiti, katikati ya njia ya kidonge lakini pembeni, ikirekodi sauti.

"Simu itasikia vitu viwili," akaeleza. "Paf ya bunduki, na ting ya chuma. Kila sauti inachora kilima kwenye kioo. Vilima vikikaribiana, kidonge kimekimbia. Vikiachana, kidonge kimetembea. Hatua zetu tunazijua, hesabu inabaki kwangu. Piga."

Raihana akasita. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetaka kubadilisha nguo njiani. Mwishowe akapiga pampu sita, akalenga, akafyatua. Paf-ting! Bariyeri ikaanguka chali.

"Mana yanje!" Chanelle akaruka. "Kumbe ni kweli!"

"Ala! We pia ulikuwa hunisadiki?"

Chanelle alikuwa ameshaikamata simu. Vilima vilikuwa vimekaa bega kwa bega. Akaandika kwenye daftari: mita mia na ishirini kwa sekunde. Kisha akapiga yeye, Raihana amempampia zile zile sita, kidonge cha kopo lile lile, akabonyeza polepole kama ubao unavyosema. Paf... tong. Bariyeri ikatikisika, ikatulia. Vilima viliachana mpaka ukaona uwanda katikati. Akaandika: mita sabini na mbili.

"Unapampu vibaya," Raihana akasema upesi.

"Umepampu wewe mwenyewe, mama."

"Basi kidonge kilikuwa kibovu."

Wakarudia. Chanelle akapampu, Raihana akapiga: ikaanguka. Raihana akapampu, Chanelle akapiga: ikasimama. Wakabadilisha vidonge, wakabadilisha pahali pa kusimama, wakabadilishana hata miwani, Mungu anisamehe, hapo walikuwa wamechanganyikiwa wote wawili. Mara kumi na nne wakapiga. Mara saba kidonge cha Raihana kilikimbia, mara saba kidonge cha Chanelle kilitembea. Bunduki ni moja, hewa ni moja. Chanelle alikuwa anapumua haraka, macho yanawaka, na Raihana naye akajikuta moyo unamdunda kama siku ya Idi alipokuwa mdogo. Kitu kilikuwa karibu sana, wanakinusa, hawakioni.

"Kama si hewa na si kidonge, ni mukono," Chanelle akasema. "Nionyeshe mukono wako, mama."

Raihana akauficha nyuma ya mtandio wake.

Hii ndiyo ile aibu. Alipokuwa na miaka kumi na minne, mlango wa chuma wa duka ulimwangukia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilipona, lakini kilipona vibaya. Ukikiambia kikunjike, kinagoma. Unakisukuma, kinagoma. Halafu ghafla kinaruka, tap! na kujikunja chote. Mazin alilia kuliko mtoto mwenyewe. Baadaye, alipofungua kibanda na kumfundisha kulenga shabaha, alikitazama kile kidole kikiruka juu ya gasheti, akatikisa kichwa kwa upole. "Kidole chako hakijui polepole, binti yangu," akamwambia. "Fundisha wengine. We mwenyewe usipige mbele za watu." Hakumwambia kwa ubaya, lakini neno la baba halihitaji ubaya ili likae. Tangu hapo Raihana hakuwahi kupiga mbele ya mtu. Alitii, na alipiga kwa siri kwa sababu alikuwa anapenda kupiga. Wallahi, alikuwa anapenda kuliko chai.

"Kidole hiki," hatimaye akasema, akakitoa, "kina ulemavu."

Chanelle akakishika, akakikunja taratibu, akakisikia kikigoma, akakisikia kikiruka. Uso wake ukabadilika. Akaichukua bunduki, akaipampu bila kidonge, akaelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga.

"Njoo karibu. Usiangalie, sikiliza tu."

Akabonyeza gasheti polepole. Fssss... paf. Akapampu tena, akampa Raihana. Kidole kikagoma, kikaruka. PAF!

"Umesikia?"

"Ile ya kwanza ilivuja," Raihana akanong'ona.

"Ilivuja! Kama kufungua Fanta. Ukifungua kizibo kidogo kidogo, gesi inatoka sss, inaisha bila kishindo. Ukikifungua mara moja, inaruka! Mama, humu ndani gasheti inasukuma kizibo cha hewa moja kwa moja. Kidole ndicho kinachofungua. Kikifungua polepole, hewa inatangulia kuvuja, kidonge kinasukumwa na masazo. Kidole chako hakijui kuvujisha!"

Raihana akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. Furaha ilimjia kwanza, furaha kubwa, akataka kupiga vigelegele pale pale mbele ya mbuzi. Halafu akainua macho, akauona ubao.

"Kwa hiyo baba alikosea," akasema. Furaha yote ikamwishia miguuni.

"Bunduki ya mzee ilikuwa na nini ndani? Hewa ya kupampu kama hii?"

"Apana. Springi. Unaivuta mpaka ishike, halafu..." Akaona. "Halafu gasheti inaiachia tu."

"Inaiachia tu! Ukiiachia polepole, ukiiachia haraka, springi inaruka na nguvu yake yote. Kwa bunduki ile polepole ilikuwa dawa, mukono hautikisiki. Mzee hakukosea hata kidogo. Bunduki ndiyo ilibadilika."

Raihana akaketi kwenye benchi, akacheka, machozi yanamtoka. "Miaka minne," akasema. "Miaka minne nawaambia watu polepole, polepole! Na yule mzee masikini, anayenitii kuliko wote, ndiye anayevujisha kuliko wote! Loo, mi ndiye niliyemfunga!"

"Basi rahisi," Chanelle akasema. "Jumapili mwambie abonyeze haraka. Ubao tuutoe kabla watu hawajafika. Hakuna haja ya kueleza mengi."

Raihana akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Apana, mwalimu. Nilimpoteza mbele za watu, nitamrudisha mbele za watu."

*

Habari ilikuwa imetembea kuliko basi la Musaga. Jumapili hata wasiojua bunduki inashikwa upande gani walikuwa wamejazana mbele ya kibanda, wengine wamepanda juu ya meza za kuuzia soda. Mwenye nyumba za kuruka alikuwepo pia, anapima nafasi kwa macho. Salvator alikuwa anajipepea kwa gazeti. Herménégilde alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, hakusalimia mtu.

Raihana akapanda juu ya benchi.

"Bismillahi," akasema. "Jamani, hii bunduki haina wizi, lakini mi nina kosa. Gasheti yake haitaki polepole. Ukibonyeza polepole hewa inavuja, kidonge kinakosa nguvu. Ukibonyeza mara moja, kinakimbia. Nilikuwa sijui. Nimewafundisha vibaya miaka minne, na Monsieur Herménégilde ndiye niliyemwonea kuliko wote. Ngojeni niwaonyeshe kwanza polepole ilivyo dhaifu."

Raihana akashuka, akapampu sita, akainua bunduki mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akakusudia kwa moyo wote kubonyeza polepole, kwa mbio za kutubu amesahau kwamba kidole chake hakiwezi. Na kidole, maskini, kikafanya kile kinachokijua. Kikagoma, kikaruka. Paf-ting! Bariyeri ikaanguka chali.

"Yooo!" umati ukapasuka kwa kicheko. "Hiyo ndiyo dhaifu? Tupe na sisi udhaifu huo!"

Raihana akapata moto masikioni. Akajaribu tena, meno yameuma mdomo wa chini, polepole, polepole, na tap! ikaanguka tena. Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Salvator alifunika uso kwa gazeti. Chanelle alikuwa anapiga kelele kwamba ni kidole, ni kidole cha mama, na hakuna aliyemsikia.

"Unaona?" Herménégilde akasema, na yeye peke yake hakuwa anacheka. "Kwake inaanguka kila mara, kwangu haianguki. Nini tena hicho kama si mchezo?"

Raihana akamwendea, akauweka mkono wake wa kulia chini ya macho yake. Ule mkono alioufunika mtandio miaka thelathini na tisa.

"Kikunje mwenyewe, mzee wangu."

Herménégilde akasita, kisha akakishika kile kidole, akakikunja. Kikagoma. Kikaruka. Akakikunja tena. Alimjua Raihana tangu akiwa msichana nyuma ya meza ya duka, na hakuwahi kukiona kile kidole.

"Mlango wa duka," Raihana akasema taratibu. "Hakijui polepole. Kwa hiyo siwezi kuwaonyesha. We ndiye mutu wa polepole kuliko wote. Nionyeshee wewe."

Akampampia sita, watu wanahesabu kwa sauti. Akampa vidonge vitatu kwenye kiganja. Herménégilde akalenga kama siku zote, akavuta pumzi, akabonyeza taratibu, na safari hii uwanja ulikuwa kimya mno mpaka walio mbele wakaisikia. Fss... paf. Tong. Katikati ya doa jeupe. Bariyeri ikasimama.

"Imevuja!" akapiga kelele mwanamke mmoja wa mbele. "Nimesikia, wallahi imevuja!"

Herménégilde naye alikuwa ameisikia. Akaitazama bunduki kama anayeiona leo. "Basi haraka," akasema kwa sauti ya chini. Raihana akapampu, mzee akalenga, akaivuta gasheti kwa nguvu zake zote, bega likaruka, mtutu ukaruka, na kidonge kikaenda kuzikwa kwenye gunia, mkono mzima juu ya Bariyeri.

"Aaaah!" uwanja ukaugua. Kidonge kimoja kimebaki. Mwenye nyumba za kuruka akatoa futi yake ya kupimia mfukoni.

Mzee akaishusha bunduki. "Siwezi," akasema. "Miaka sitini na nane, mwili umezoea taratibu. Nikiharakisha natikisika. Madame, tuache."

Raihana alihisi kibanda kinamtoka mikononi kama kitambaa cha hariri mezani. Polepole inavuja, haraka inatikisa. Amwambieje? Alijua namna kidole chake kilivyo, lakini kidole kilichovunjwa na mlango hakiazimiki. Akakitazama kiganja cha mzee, kiganja kipana, na pembeni ya kidole gumba sugu ngumu ya zamani.

"Sugu hii ni ya nini?" akauliza.

"Ya muhuri," Herménégilde akajibu bila kufikiri. "Miaka thelathini."

Raihana akashtuka kama aliyechomwa sindano.

"Mzee! Muhuri ulikuwa unaubonyeza polepole?"

"Apana, polepole wino unatambaa. Karatasi inachafuka."

"Ulikuwa unapiga meza kwa nguvu?"

"Ndiyo ya wageni wa kazi hiyo, meza ikitikisika muhuri unakwenda upande. Mukono unatulia kwanza, juu ya karatasi kabisa, halafu..." Mkono wake ukainuka wenyewe hewani, ukatulia, na kifundo kikafanya tap! Bega halikusogea hata unywele.

Wakatazamana. Mzee akaangalia mkono wake, kisha Raihana, kisha Bariyeri. Polepole midomo yake ikafunguka.

"Kumbe," akasema.

"Gonga muhuri, mzee wangu," Raihana akasema. "Hiyo tu. Gonga muhuri."

Akapampu. "Moja! Mbili!" Uwanja mzima unahesabu, mpaka wauza mishikaki wameacha makaa. "Sita!" Kidonge cha mwisho kikaingia. Herménégilde akaweka kitako begani, akavuta pumzi, mkono ukatulia, ukatulia sana, kidole kikaigusa gasheti mpaka ilipoanza kuwa nzito, kikangoja. Tap.

Paf-TING!

Bariyeri ikalala chali, na kishindo chake hakikusikika kwa vigelegele. Kofia zilirushwa, soda zikamwagika. Chanelle alimkumbatia Salvator, Salvator akasahau kukataa. Mwenye nyumba za kuruka akarudisha futi mfukoni, naye akaingia kwenye foleni. Herménégilde hakusogea. Alisimama na bunduki begani, machozi yanateremka kwenye shati lake la pasi, anasema, "Miaka minne, Madame. Miaka minne!" na anacheka huku analia, na Raihana naye hivyo hivyo, mpaka haikujulikana nani anamfariji mwenzake. Alipopewa termosi aliikumbatia kama mjukuu.

"Neno langu la wizi," akasema alipopata sauti, "nalirudisha mbele ya watu hawa hawa. Unisamehe."

"Yameisha, mzee wangu."

Foleni ilikuwa imeshafika kwenye mabembea. Raihana aliomba ngazi. Herménégilde akaishika ngazi huku chini, na alipoona anafungua misumari ya ubao wa buluu akatahamaki.

"Apana, Madame! Ubao wa Mazin hautupwi!"

"Nani anautupa? Naupeleka nyumbani, naupigilia pale ilipo bunduki yake. Walikuwa wanaelewana hao." Akaushusha, akaufuta vumbi, akaubusu, akamkabidhi mzee amshikie.

Mtu wa kwanza katika foleni alikuwa msichana mwenye sare ya kwaya, ameshashika bunduki, anatazama pale juu palipobaki alama nyeupe tu ya ubao.

"Sasa, mama," akauliza, "sisi tutafundishwa na nini?"

Raihana akakunja mtandio wake mpaka kiwiko. Akakiinua kile kidole juu, kimepinda hivyo hivyo, mbele ya uwanja mzima.

"Na hiki," akasema.